Kuchagua fani ya ubingwa na pa kuisomea: mwongozo kwa wanafunzi wa MD na madaktari watarajali

"Dokta, shikamoo. Naomba ushauri, niombe MMed ya nini?" Ujumbe huu, wa kuomba ushauri kuhusu shahada ya uzamili ya ubingwa (MMed), naupata kila mwaka, na karibu kila mara unaingia dirisha la maombi likiwa limebakiza wiki moja au mbili kufungwa. Wiki mbili hazitoshi. Uamuzi huu ndio utakaosema utaamka saa ngapi, utaishi mji gani, na usiku simu yako itaita kwa sababu gani. Unataka kuanza kufikiriwa ukiwa mwaka wa tatu, siku zile za kwanza unapovaa koti jeupe na kuingia wodini.

Naandika nikiwa Tanzania, ndiko nilikosomea na ndiko ninakofanya kazi. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi na ganzi. Msomaji wa Kenya atakuta mengi yanafanana na ya kwao.

Hatua ya kwanza: hesabu njia nzima

Chukua karatasi uandike umri wako. Shahada ya kwanza ya udaktari, MD, ni miaka 5. Utarajali, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini baada ya kuhitimu, ni miezi 12. Unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la Zanzibar ukiwa kule, ndipo unaruhusiwa kufanya kazi peke yako. Wengi hufanya kazi mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla ya kurudi darasani. MMed huchukua miaka 3 hadi 4 kutegemea fani na chuo, na ukitaka kuwa bingwa bobezi, mathalani wa moyo au figo, ongeza kama miaka 2. Aliyeanza MD akiwa na miaka 20, akafanya kazi miaka 2 katikati, atakuwa bingwa akiwa na 31 au 32. Hesabu hii ifanye mapema, uiweke mezani pamoja na ndoa, watoto, na wadogo zako unaowasomesha.

Kuna jambo moja la kuelewa vizuri hapa, maana mengine yote yanalifuata. Kwetu ubingwa husomwa chuo kikuu. Residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, kwenye makaratasi ni mwanafunzi: analipa ada, anafanya mitihani, anaandika tasnifu. Wodini ni mfanyakazi: anapiga raundi, anakesha, anafanya upasuaji. Hospitali anakofundishwa haimlipi mshahara kwa sababu tu anafanya kazi pale. Marekani residenti ameajiriwa na analipwa, na nafasi inapatikana kwa utaratibu wa kitaifa: mwombaji anapanga programu anazozitaka kwa mfuatano, programu nazo zinapanga waombaji, kompyuta inawaoanisha, majibu yanatoka mwezi Machi. Kwa hiyo video nyingi za ushauri mnazotumiana kwenye magrupu zinaeleza mfumo mwingine kabisa. Kama nia yako ni kwenda huko, hiyo ni safari yenye mitihani yake ya leseni ya udaktari, USMLE, na maandalizi yake yaanze ukiwa bado mwanafunzi. Kwetu unaomba chuo fulani na fani fulani, moja kwa moja.

Hatua ya pili: beba daftari

Nilipoanza utarajali nilikuwa nimeshajiita daktari wa upasuaji. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya mafundo ya uzi kwenye mguu wa kitanda changu. Usiku mmoja tuliingia thieta na mama wa kujifungua kwa upasuaji wa dharura. Mimi nilikuwa upande wa tumbo, kazi yangu kumsaidia bosi. Muda mfupi baada ya sindano ya mgongo presha ya yule mama ilishuka, akaanza kichefuchefu, akasema kwa sauti ndogo, "Naona giza." Dada wa usingizi, muuguzi wa miaka mingi, hakupaza sauti. Aliinamisha meza kidogo upande wa kushoto, akafungulia dripu iende kasi, akachoma dawa, kisha akamshika mkono. "Mama, vuta pumzi. Niko hapa." Nikatazama namba kwenye mashine zikipanda moja moja. Baadaye mtoto akalia.

Bosi alipomaliza kushona, mimi nilikuwa nimeshavua glavu na kuhamia upande wa kichwa cha mgonjwa, namuuliza sista kwa nini presha hushuka, kwa nini kushoto, kwa nini dawa ile na si nyingine. Alinieleza kwamba mji wa mimba wenye mtoto, mama akilala chali, hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Nilikuwa nimelisoma hilo kitabuni na kulijibia mtihani. Usiku ule ndipo nililielewa. Tangu siku hiyo kila nilipopata nafasi nilisimama upande ule wa pazia, na bado nikaendelea kwa miezi kadhaa kujiita daktari wa upasuaji.

Ndiyo maana nawaambia wanaonifuata wabebe daftari dogo, la madukani tu, na kila jioni waandike mistari miwili: leo nilifanya nini bila kutumwa, na leo niliangalia saa mara ngapi. Kurasa za mtarajali mmoja aliyeniruhusu kuzisoma zilikuwa hivi: "Jumatano, wodi ya watoto. Mtoto wa miezi 7, nimonia, yuko kwenye oksijeni. Nilirudi saa 3 usiku kumwona." "Alhamisi, kliniki ya presha. Saa 4 asubuhi nimeshaangalia saa mara mbili." "Ijumaa, watoto tena. Nimesoma dozi za maji ya utapiamlo mpaka saa 6." Alikuja kwangu akiuliza kama aombe magonjwa ya ndani. Nilimrudishia daftari lake alisome upya, kwa sauti.

Andika na tabia ya mwalimu uliyekuwa naye wiki hiyo, ili uweze kumtenganisha na fani yenyewe. Nilishawahi kudhalilishwa mbele ya mgonjwa na bingwa mmoja, na kwa mwaka mzima niliichukia idara yake yote. Kosa lilikuwa langu kuichukia idara. Kadhalika mwalimu mcheshi, anayewanunulia chai na chapati baada ya raundi, anaweza kukufanya uipende kazi ambayo ukibaki nayo peke yako hutaiweza.

Hatua ya tatu: tazama Jumanne ya kawaida

Kila fani ina siku yake ya kung'aa. Upasuaji una tumbo lililofunguliwa usiku mgonjwa akapona. Uzazi una kilio cha mtoto. Usichague kwa siku hiyo. Muombe bingwa akuruhusu umfuate Jumanne ambayo haina tukio lolote, kuanzia asubuhi mpaka anapowasha gari kurudi nyumbani.

Kwenye magonjwa ya ndani utaona korido iliyojaa wenye kisukari na presha, wengi wao watarudi mwezi ujao na ujao tena, na kazi kubwa itakuwa kujua kwa nini mzee huyu hanywi dawa zake. Anayefurahia kumjua mgonjwa kwa miaka 10 atashiba hapo. Anayetaka jambo liishe leo atateseka. Kwenye uzazi na magonjwa ya wanawake, usiku haupungui hata ukiwa na mvi. Mama hachagui saa. Radiolojia na patholojia zina ukimya, kiti, na uzito wa kuandika neno moja ambalo litaamua mtu akatwe titi au asikatwe, bila wewe kumwona usoni. Kwetu sisi wa usingizi, mgonjwa akiamka salama hatajua jina lako. Lazima ujiulize kwa dhati kama hilo litakuuma.

Mulize huyo bingwa maswali matatu. Nini kinakuchosha katika kazi hii? Mara ya mwisho ulikula chakula cha jioni na familia siku ya kazi ni lini? Ukirudishwa mwaka wa tano leo ungechagua nini? Kisha nyamaza umwache ajibu. Kabla ya neno la kwanza mara nyingi kuna kimya kidogo. Kimya hicho nacho kisikilize.

Hatua ya nne: kapite na kule ambako mzunguko haukufiki

Ratiba ya MD inakupa wiki nyingi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, kisha wiki chache za kila kitu kingine. Matokeo yake darasa zima linataka moja ya hizo nne, kwa kuwa ndizo walizoziona. Tumia likizo. Omba ruhusa kwa barua ukae wiki moja Ocean Road kama saratani inakuvuta, au Mirembe kule Dodoma kama ni afya ya akili. Ukiwa Moshi, ingia kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikifundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Tiba ya dharura kwetu bado ni changa: idara ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mafunzo ya ubingwa wake nchini yalianzia hapo. Fani changa ina faida ambayo watu hawaisemi, kwamba ukimaliza unaweza kukabidhiwa idara nzima uijenge. Hiyo ni nafasi na ni mzigo. Hutakuwa na mkubwa wa kumpigia simu.

Hatua ya tano: fani yako inaweza kuishi wapi?

Daktari bingwa wa watoto, wa uzazi, wa usingizi, wa magonjwa ya ndani au wa upasuaji wa jumla anahitajika karibu kila hospitali ya mkoa. Si kwa bahati kwamba kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa kwenye halmashauri zimekuwa zikibeba hasa fani hizi tano. Upasuaji wa moyo ni habari nyingine. Unahitaji mashine ya kupitishia damu, chumba cha uangalizi maalumu, wauguzi waliofunzwa, benki ya damu, na bila hivyo utabaki na cheti ukutani. Ukichagua njia hiyo umechagua pia kuishi Dar es Salaam au mji mwingine mmoja au miwili.

Hili lizungumze na mwenzi wako kabla ya kujaza fomu. Nimeshuhudia ndoa ikivutana miaka, mmoja akiwa mwalimu Songea na mwingine akiwa na ubobezi ambao hauna kifaa hata kimoja kusini yote.

Hatua ya sita: pesa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na si kwa uvivu. Tunaona haya kuongelea pesa kwenye udaktari, basi mtu anaingia mwaka wa kwanza wa MMed hajui atakula nini Februari.

Njia ya utulivu zaidi ni kuwa mtumishi wa umma aliyeruhusiwa kwenda masomoni. Ukipata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, mshahara unaendelea. Ruhusa hiyo haiji kwa kuomba wiki moja kabla ya kuripoti. Jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri au hospitali, na mpango hufuata mwaka wa fedha, ambao huanza Julai. Vyuo hufungua Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mazungumzo na mganga mkuu wako na ofisa utumishi yaanze mwaka mmoja nyuma. Omba kwa barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona daktari mzuri akikosa mwaka mzima kwa sababu ruhusa yake ilikuwa ya mdomo na aliyempa alihamishwa.

Ya pili ni ufadhili. Wizara ya Afya hutangaza nafasi za ufadhili wa ubingwa na ubobezi, na hupendelea fani ambazo nchi inazihitaji. Soma tangazo neno kwa neno. Soma pia mkataba: karibu kila mfadhili atataka urudi kumtumikia kwa muda fulani, na ukivunja unarejesha gharama. Mimi sioni ubaya wa mkataba huo, mradi umeusoma ukiwa na akili tulivu na unajua wanakurudisha wapi.

Ya tatu ni kujilipia. Inawezekana, lakini iandike yote. Kuna ada. Kuna kodi ya nyumba karibu na hospitali, kwa sababu ukikaa Kibaha huku unakesha Muhimbili utalala barabarani. Kuna gharama za tasnifu: kibali cha maadili ya utafiti, wakusanya takwimu, mtakwimu, uchapaji. Kuna bima, mitihani, na kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo na sasa una mshahara, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kama kawaida. Wanaojilipia wengi hufanya pati taimu hospitali binafsi. Nakuomba uweke mpaka. Residenti aliyekesha kwetu Jumatatu, akakesha pati taimu Jumanne, akaingia thieta Jumatano, ni hatari kwa mgonjwa, na nimewahi kumwondoa mmoja mezani kwa mkono wangu kwa sababu alikuwa anasinzia amesimama. Aliona haya. Nilimwambia aende akalale, tukaongea kesho yake kuhusu ada.

Weka akiba ya miezi 6 kabla ya kuanza. Kama huna, kufanya kazi mwaka mmoja zaidi hospitali ya wilaya si kupoteza muda. Mkono unakomaa, na utajua kwa nini unarudi shule.

Hatua ya saba: chagua mahali pa kusomea

Watu huchagua chuo kwa jina. Muhimbili, KCMC, Bugando, Dodoma, kila kimoja kina sifa yake, na jina lina uzito. Lakini jina halikufundishi kushika kisu. Kabla ya kuomba, tafuta residenti watatu wa fani hiyo hiyo pale pale: wa mwaka wa kwanza, wa mwaka wa mwisho, na aliyehitimu karibuni. Wapigie, ukiweza wafuate. Muombe wa mwaka wa mwisho akuonyeshe logibuku yake, daftari la kurekodi kazi za mafunzo.

Logibuku ndiyo inayosema kweli. Ifungue utazame safu tatu: alizoangalia, alizosaidia, alizofanya mwenyewe bingwa akiwa pembeni. Kama safu ya tatu ni nyembamba, programu hiyo itakupa cheti na woga. Lakini ukikuta amefanya nyingi sana na hakuna jina la bingwa aliyesimamia, hasa za usiku, hilo nalo ni tatizo: alikuwa anajifundisha juu ya wagonjwa. Uliza swali hili moja kwa moja: "Saa 8 usiku ukikwama, nani anakuja, na anafika baada ya muda gani?"

Kisha uliza kuhusu tasnifu. Waliohitimu mwaka jana walikuwa wangapi kati ya walioanza nao? Waliobaki wamekwama wapi? Mara nyingi jibu ni tasnifu: msimamizi hapatikani, kibali kimechelewa, mada ilikuwa kubwa kuliko muda. Mtu anamaliza kazi zote za wodini na bado hahitimu. Ukijua hilo mapema utachagua msimamizi anayejibu simu, na mada ambayo wagonjwa wake unawaona kila wiki.

Kwa anayetaka upasuaji, kuna mlango mwingine ambao wanafunzi wengi hawaujui. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha, hakina majengo ya madarasa. Unajifunza ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya msimamizi, unajaza logibuku na kufanya mitihani ya kanda nzima: miaka 2 ya mwanzo ya uanachama, kisha miaka 3 ya ufelo kwa upasuaji wa jumla. Madaktari wa magonjwa ya ndani na wa usingizi nao wana vyuo vya kanda vya namna hiyo, ECSACOP na CANECSA. Kwa aliye na kazi katika hospitali nzuri na asiyeweza kuacha mshahara, hii ni njia ya kuiangalia kwa makini. Hakikisha tu hospitali yako imo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa, na uliza Baraza utasajiliwa vipi utakapomaliza.

Hatua ya nane: maombi

Hapa ni utaratibu tu. Skani mapema cheti cha MD na matokeo yake ya kila mwaka, cheti cha utarajali, usajili na leseni hai, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwajiri. Aliyesoma nje ya nchi awe na utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mkononi, usisubiri dirisha lifunguliwe ndipo uuombe. Wadhamini wako uwataarifu kabla, uwakumbushe mgonjwa mliyemhangaikia pamoja, wapate cha kuandika. Soma kigezo cha ufaulu cha chuo hicho kwa fani hiyo na mwaka huo huo, maana hubadilika. Na tuma mapema, mfumo huelemewa siku ya mwisho.

Ukikosa

Hukosa hata walio bora, kwa sababu nafasi za baadhi ya fani ni chache sana. Piga simu idarani uulize kwa adabu kilichopungua. Kama ni ufaulu, tafuta uzoefu na utafiti mdogo unaoweza kuuonyesha. Kama ni nafasi tu, omba tena, na safari hii omba vyuo viwili. Usikubali kubadilishiwa fani kwa simu ya dakika tano kwa sababu "huku kuna nafasi moja imebaki". Rudi kwenye daftari lako kwanza, lala nalo usiku mmoja, ndipo ujibu.

Ukipata, uliza mapema utaanzia wodi gani. Siku ya kuripoti fika asubuhi sana, na kabla ya foleni ya usajili pita wodini ujitambulishe kwa sista mkuu. Mpe jina lako na namba ya simu. Yeye ndiye atakayekuamsha saa 9 usiku, na ni vizuri awe ameshakuona sura.